Sentensi ya Nane ya Elpidia

Saa nne asubuhi Inspekta Persio Almonte alishuka ngazi za jengo la ghorofa tatu nyuma ya soko la Puerto Plata, suruali imejaa manyoya ya kuku na hasira zimemfika hapa. Kamtafuta Wilfrido Santos ghorofa ya kwanza, kamtafuta ya pili, kamtafuta ya tatu. Alichoambulia ni mlevi mmoja aliyelala bafuni, kuku saba wa mwenye nyumba, na bibi mmoja aliyemfukuza kwa ufagio akidhani amekuja kukata umeme.

Nyuma yake alishuka Sajini Fellito Núñez, anahema.

"Labda ni ghorofa ya jengo lingine, mkuu."

"Fellito, nyamaza."

"Mimi nimetafsiri tu kilichoandikwa. 'Floor' ni ghorofa. Miaka miwili nimekaa Nueva Yol, hiyo New York, naosha magari. Kila siku naambiwa, peleka hili floor ya pili, lete lile la floor ya tatu."

"Jana uliniambia ni sakafu."

"Ni sakafu pia."

"Sasa ni sakafu au ni ghorofa?"

Fellito akakuna shingo. "Inategemea, mkuu."

Inategemea! Persio alipanda garini akabamiza mlango mpaka kioo kikateremka chenyewe.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi, na ndiyo maana ilimchanganya. Wilfrido, dereva wa lori la ndizi kutoka Mao, alifika Puerto Plata Jumamosi moja kumwona dada yake Elpidia, na tangu Jumamosi hiyo hakuonekana tena. Siku kumi na tisa sasa. Lori lake lilikuwa palepale alipoliegesha, mtaa wa pili kutoka kwa dada, ndizi zimeoza mpaka majirani wakalalamikia harufu. Shemeji mtu, Octavio, fundi mwashi ambaye mtaa mzima unamwita Tavito, alikuwa na jibu tayari tangu siku ya kwanza. Wilfrido, alisema, kapanda mashua ya magendo kavuka kwenda Puerto Rico, kama wanavyovuka wengi. Elpidia, pembeni ya mumewe, aliitikia kwa kichwa. Kila alipoulizwa Elpidia, alijibu Tavito.

Jana mke na mume walikuja kituoni kutia saini maelezo hayo. Tavito alikuwa amemshika mkewe shingoni kwa nyuma, kidogo tu, kama mtu anayemwongoza mgonjwa. Akamweleza Persio kwa furaha kwamba keshokutwa saa kumi na mbili asubuhi wanahamia Higüey, upande wa pili wa nchi. Kapata kazi kwenye hoteli mpya, nyumba wameshaipangisha.

Persio hakuipenda ile shingo ilivyoshikwa. Walipotoka alimwambia Fellito waziwazi, "Kaka hatujui aliko. Na huyu mama akishaingia Higüey na yule mwanamume, naye hatutamwona tena. Tuna leo na kesho, basi."

Ndipo wakaliona daftari limeachwa kwenye benchi. La Elpidia, la masomo ya Kiingereza. Wakangoja aje kulichukua. Hakuja.

Ndani mlikuwa na zoezi moja lililosahihishwa kwa kalamu nyekundu, sentensi kumi. Persio alisoma Kiingereza miaka minne shuleni na kilichobaki kichwani mwake ni kuhesabu mpaka ishirini na kuomba radhi. Fellito akavaa miwani, akatafsiri kwa sauti, kidole kwenye mstari.

"Kikombe kiko mezani. Wali uko chunguni. Mume wangu yuko kazini. Mimi niko basini. Jirani yuko garini. Duka liko konani. Viatu viko sakafuni. Kaka yangu yuko sakafuni..."

"Hapo. Rudia."

"Kaka yangu yuko sakafuni."

"Sakafuni anafanya nini?"

"Haijaandikwa, mkuu. Yuko tu."

"Amelala? Amelewa? Kaanguka?"

"Yuko tu!" Kisha Fellito akapata lile wazo lake la ghorofa, na kwa kuwa Wilfrido aliwahi kupanga chumba nyuma ya soko miaka ile, asubuhi nzima ikaishia kwenye manyoya ya kuku.

Sasa Persio akageuza gari.

"Tunakwenda wapi?" aliuliza Fellito.

"Kwa mtu anayejua Kiingereza."

Fellito alinuna njia nzima.

Mwalimu Yocasta Brito alifundishia juu ya duka la vifaa vya ujenzi, chumba kimoja, viti thelathini na kimoja, feni moja inayolalamika. Wanafunzi wake ni wahudumu wa hoteli, madereva wa teksi, akina mama wa kusuka nywele za watalii wanaoshuka melini. Walimkuta peke yake mezani, anakula ndizi za kuponda na salami kutoka kwenye bakuli la plastiki, kalamu nyekundu sikioni.

"Samahani mwalimu, tumekuingilia chakulani."

"Mmeshaingia, kaeni. Siyo kile kiti, kina mguu mbovu." Fellito alikuwa ameshakikalia. Akasimama.

Persio akaweka daftari mezani. "Hili unalijua?"

"La Elpidia. Zoezi la vitu viko wapi. Umelipata wapi wewe?"

"Kalisahau kituoni."

"Nani, Elpidia? Elpidia hasahau hata kifutio. Ndiye bora wangu wa mwaka huu, ila karibuni ameingiwa na ukaidi."

"Ukaidi gani?"

Mwalimu Yocasta akafuta vidole, akafungua ukurasa. Sentensi tisa zilikuwa na tiki. Ya nane ilikatwa kwa mstari mwekundu, juu yake limeandikwa ON. Chini ya zoezi Elpidia alikuwa ameiandika upya sentensi hiyohiyo mara tatu, kwa mwandiko wa kukandamiza karatasi. Mara zote tatu zilikuwa zimekatwa tena, na ON ya mwisho ilikuwa kubwa kuliko zote, na alama tatu za mshangao.

"Kwangu ukikosa, unaandika upya sahihi mara tatu," alisema mwalimu. "Kaandika mara tatu, kosa lilelile. Nikamwita mbele, nikamwonyesha kwa kitabu na meza. Kaniangalia tu, macho makavu. Nikasema huyu sasa ananichezea."

"Kosa lenyewe ni nini?"

"Kaweka 'in' badala ya 'on'. Kosa la kila mtu."

"Mwalimu, mimi ni katika hao kila mtu. Nieleze kama unamweleza mtoto."

Akaeleza. Alichukua kikombe, kijiko, akavigongagonga mezani. 'In' ni ndani, kimezungukwa. 'On' ni juu, kimegusa. 'At' ni hapo mahali, bila kujali ndani wala juu. Persio akaitikia. Mpaka hapo hakuona ugumu.

"Kwa hiyo mtu aliye kwenye basi ni 'in'," alisema kwa kujiamini.

"'On'."

"Kakaa juu ya basi?"

"Kakaa ndani, kwenye kiti, kama mimi na wewe. Lakini wao wanasema 'on'."

"Na gari dogo?"

"'In'."

"Kwa nini?"

"Usiniulize mimi kwa nini, kawaulize wenyewe."

"Na kona?"

"Kona ya mtaa, 'on'. Kona ya chumba, 'in'."

"Mama yangu!" alisema Fellito. "Miaka miwili nimeishi na hawa watu."

"Ndiyo ujue kwa nini hakuna anayepata," alisema mwalimu. "Sisi kwa Kihispania tuna 'en' moja tu, inatutosha toka ubatizo mpaka kaburini. Kikombe kiko 'en' meza, wali uko 'en' chungu, mimi niko 'en' kazi. Basi Mdominika akiingia kwenye Kiingereza, 'en' yake anaigeuza 'in', anaibandika popote. Nimesahihisha 'in' miaka ishirini na mbili, Inspekta. Mkono wangu unaikata kabla jicho halijasoma."

Persio alikuwa amelisogeza daftari karibu na dirisha. Kiingereza hakukijua, lakini saini za kughushi alizijua, na daftari akaliangalia kama anavyoangalia saini, umbo kwa umbo. Kidole kimoja akakiweka kwenye mstari wa saba, kingine kwenye wa nane. Mwishoni mwa mistari yote miwili palikuwa na neno moja, herufi kwa herufi. Kabla ya hapo palikuwa na kijineno kidogo cha herufi mbili, na hicho hakikufanana.

"Huu wa saba unasemaje?"

"Viatu viko 'on' sakafu."

"Umeweka tiki."

"Kapatia, kwa nini nisiweke?"

"Huu wa nane?"

"Kaka yangu yuko 'in' sakafu. Kosa."

"Sakafu ni ileile?"

"Neno ni lilelile."

"Huoni ajabu, mwalimu? Mstari wa saba anajua. Wa nane hajui. Mistari imegusana, wino mmoja." Akateremsha kidole. "Mstari wa basi ni upi hapa? Kapata?"

"Kapata. 'On'."

"Gari dogo?"

"Kapata."

"Kona ya mtaa?"

"Kapata. Na ufagio kwenye kona ya chumba, kapata pia." Sauti ya mwalimu ilianza kupungua kasi.

"Hizo si ndizo ngumu?"

"Ndizo zinazowatoa kijasho wote."

"Kwa hiyo ngumu zote kapata. Hii rahisi, aliyoipata mstari mmoja juu yake, kaikosa. Halafu ukamsahihisha, akaikosa mara ya pili, ya tatu na ya nne."

Feni ililalamika. Fellito akaona hapa ndipo pa kujitetea. "Mwalimu, haiwezi kuwa ghorofa? 'Floor' si ghorofa?"

"Ni ghorofa. Lakini hata ghorofa ni 'on', kijana. 'On' ghorofa ya pili."

Fellito, mwenye miaka hamsini na minne na wajukuu, alifurahi kidogo kuitwa kijana, kisha akakumbuka kuku.

"Basi si ghorofa," alisema Persio, "na si juu ya sakafu. Mwalimu, sahau kama ni mwanafunzi wako. Mzungu kaandika hivi, mwenye lugha yake. Kaandika 'in' sakafu na hajakosea. Anazungumzia nini?"

"Hakuna mtu anayesema hivyo."

"Akisema?"

"Akisema atakuwa anataja kitu kilicho ndani ya sakafu yenyewe. Bomba la maji. Nyaya za umeme. Kitu kilichofukiwa kwenye saru..."

Neno halikuisha. Mwalimu Yocasta aliweka uma chini taratibu, akajifuta mdomo, akajifuta tena ingawa hapakuwa na kitu.

"Mumewe umewahi kumwona?" aliuliza Persio.

"Wiki tatu hizi kila kipindi. Zamani alikuwa anamwacha chini dukani. Sasa anakaa pale mlangoni, kiti kile, mpaka tumalize. Kisha anachukua daftari analipekua. Kiingereza hajui hata neno. Anaangalia kama kuna Kihispania." Machozi yakamjaa ghafla. "Mimi nimemsahihisha, Inspekta. Alikuwa ananiambia na mimi namsahihisha. Nikamwandikia na alama za mshangao!"

"Usingejua, mwalimu."

"Ningesoma! Ningesoma tu kama mtu anavyosoma barua, siyo kama mashine!"

Fellito akampa leso. Persio alikuwa ameshafika mlangoni.

Duka la chini lilikuwa la Don Evaristo, mzee mwenye kumbukumbu ya kila msumari aliowahi kuuza. Persio alimuuliza kuhusu Tavito, kama amenunua chochote Jumamosi ile.

"Mifuko sita ya saruji, na rangi nyekundu ya sakafu," alijibu mzee bila kufikiri. "Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimeshafunga mlango, ananigongea. Nikamwambia, wewe, Jumamosi jioni unamfanyia nani kazi? Akasema mke wangu, nataka kumtengenezea jikoni."

"Alikuwa anaonekanaje?"

"Mwenye haraka. Mkono mmoja kaufunga kitambaa. Nikamwambia mke wako ana bahati, wangu nimemwahidi jikoni tangu kimbunga kile."

Persio akasimama nje, juani, akampigia simu mama mwendesha mashtaka. Alimweleza yote kwa mpangilio, daftari, 'in' na 'on', saruji. Ilichukua muda, maana mara mbili alichanganya mwenyewe na ikabidi aanze upya.

"Ngoja," alisema yule mama upande wa pili. "Viatu viko ndani ya sakafu?"

"Viatu viko juu. Kaka yuko ndani."

"Umesema kaka yuko 'on'."

"Nimesema 'in'. Nadhani nimesema 'in'."

"Persio, sikiliza. Fundi mwashi kanunua saruji. Kesho utaniambia muoka mikate kanunua unga. Na hilo daftari unataka nimpelekee hakimu, nimwambie abomoe nyumba ya mtu kwa sababu ya kosa la Kiingereza? Mwanangu anasoma shule ya kulipia, bado anaandika 'in' kila mahali. Nimfukue naye?"

"Wanaondoka kesho asubuhi."

"Basi niletee neno la mtu. La mdomoni. Huyo dada akinitamkia mwenyewe, nakutilia saini hapohapo, nakuja na mafundi. Asipotamka, sina cha kufanya, na wewe huna."

Shida ni kwamba Elpidia hatamki mbele ya Tavito, na Tavito habanduki. Kumwita kituoni, atakuja naye. Kumtenga kwa nguvu bila hati, wakili wa mtaani tu atamtoa kwa saa moja, na Tavito atajua wamefika wapi. Persio alizunguka gari mara mbili. Halafu akachukua daftari.

Njiani alikuwa ananong'ona kama mtu anayesali. "Juu ni 'on', ndani ni 'in'. Juu 'on', ndani 'in'."

"Kweli kabisa, mkuu," alisema Fellito.

"Usinichanganye!"

Walipofika mtaani kwa Elpidia, saa tisa na nusu, hakuwa na hakika tena ni ipi ya juu na ipi ya ndani. Alimwacha Fellito dukani, anunue soda na asiondoe macho mlangoni.

Nyumba ilikuwa imekwisha kufungwafungwa. Vitanda vimelazwa ukutani, magodoro yamekunjwa, masanduku matatu mlangoni. Kilichobaki bado ni jikoni, meza, viti viwili, jiko, na sakafu nyekundu inayong'aa mpaka unajiona. Elpidia, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kitu, alikuwa anapiga deki. Alipomwona Persio na lile daftari mkononi, dekio lilisimama.

"Inspekta! Mpaka nyumbani?" Tavito alitokea chumbani, mikono mipana, kucheka kwingi. "Si tulimalizana jana?"

"Mkeo kasahau daftari."

"Huyu angesahau kichwa, kama hakijafungwa." Akalipokea, akalipitisha ukurasa baada ya ukurasa kwa kidole gumba, akalitupa mezani. "Kahawa utakunywa? Sufuria sijaifunga bado."

"Nikipata sikatai." Persio akaingia jikoni, akasimama karibu na meza. Akajikuna kidevu. "Unajua Don Tavito, na mimi nimeingizwa darasani? Wakubwa wanataka tuongee na watalii. Umri huu, fikiria."

"We! Polisi wa Kiingereza!" Tavito alicheka kwa dhati.

"Mwalimu kanipa zoezi hilihili la mkeo, kichwa kinaniuma tangu asubuhi. Doña Elpidia, hebu nisaidie kidogo, usiniache niaibike."

"Msaidie, msaidie," alisema Tavito, anamimina kahawa. "Mwaka mzima huu namsindikiza huko, angalau afaidi mtu."

Elpidia alishika mti wa dekio kwa mikono miwili.

Persio akapokea kikombe, akakiweka mezani, akakigusa. "Kikombe," alisema kwa Kiingereza chake, "'in' meza?"

"'On'," alisema Elpidia. Sauti ilitoka kwa shida, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"'On'. Sawa, sawa." Akanyoosha kidole kwenye viatu vyake mwenyewe. "Viatu?"

"'On'."

"Mwanamke anajua, eh?" alisema Tavito, anakoroga sukari.

"Namba nane?" aliuliza Persio.

Bomba lilidondosha tone, likadondosha lingine. Elpidia alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kwanza kituoni, na Persio akasahau kila alichofundishwa. Juu ni ipi? Ndani ni ipi? Akachukua moja tu, kama anayebahatisha.

"Namba nane... 'on'?"

"No!" Elpidia alisema kwa nguvu, mpaka kijiko cha Tavito kikasimama kikombeni. "No, señor. 'In'."

"'In'."

Akainua kidevu kuelekea viatu vya Inspekta. Alizungumza polepole, Kiingereza kisafi, neno moja moja, kama mwalimu na mwanafunzi mzito. "You are on. Number eight is in."

Persio akatazama chini. Kati ya viatu vyake palikuwa na saruji nyekundu, laini, iliyopigwa msasa na mtu anayejua kazi yake. Miguu ilitaka kuruka yenyewe. Akailazimisha kukaa.

"Namba nane ndiyo nini?" aliuliza Tavito. Kucheka kulikuwa kumekwisha.

"Swali la nane. La mwisho kwangu."

"Liseme kwa Kihispania."

"Ningelijua kwa Kihispania ningekuja huku?" Persio akanywa kahawa yote kwa mara moja, ikamuunguza. "Doña Elpidia, nisindikize mpaka mlangoni. Mwalimu kasema nikuulize na ile ya kona."

Dekio lilianguka. Elpidia alipita kati ya meza na ukuta, amebana ubavu ukutani, hakukanyaga katikati ya jikoni hata kidogo. Alikuwa amefika kwenye masanduku Tavito alipoinyakua ile shingo.

"Huendi popote."

"Mwachie," alisema Persio, ameshamshika kifundo cha mkono.

"Huyu mke wangu!"

"Ndiyo maana nakwambia mwachie."

Tavito alirusha ngumi ya kwanza. Ya pili hakuipata, maana Fellito alikuwa ameingia na chupa ya soda mkononi, akaimwagia yote usoni pake, na kabla hajafumbua macho mikono yake ilikuwa nyuma, ndani ya pingu. Majirani walikuwa wameshajaa barabarani. Fellito akamkalisha Tavito juu ya sanduku, akasimama mbele yake.

Persio akapiga simu, akamweka Elpidia kwenye ngazi ya mlango, nje, akamshikisha simu. Kwa kipaza sauti walimsikia mwendesha mashtaka anajitambulisha, sauti yake ya ofisini.

"Mama, nisikilize. Sema kwa maneno yako mwenyewe, kwa lugha yako. Kaka yako Wilfrido yuko wapi?"

Elpidia alifungua mdomo. Kihispania kilikuwa kimemganda. Wiki tatu alikuwa amekizuia, na sasa kilipokuja kilikuja na lile 'en' lake, lisilosema juu wala ndani.

"Yuko sakafuni," alisema.

"Sakafuni vipi, mama? Amelala? Ameumia?"

Elpidia akatikisa kichwa. Akamtazama Persio kama anayemwomba neno, na Persio hakuwa nalo. Akageuka akatazama jikoni kwake, ile sakafu bado ina maji.

"Yumo," alisema. "Yumo ndani yake. Nilimpigia kaka yangu simu nikamwambia napigwa, akaacha kazi zake akaja kunichukua anirudishe kwetu. Hakuvuka bahari yoyote. Huyu kamuua, kamfukia hapo, kamwagia saruji, na kila asubuhi anasimama mlangoni ananiambia ing'arishe." Sauti ilipanda, mtaa mzima ukasikia. "Siku kumi na tisa, señora. Siku kumi na tisa nampigia kaka yangu deki."